Mwanga wa Mpakani na Kahawa ya Mgeni

Ile sauti bado ninayo. Kahawa ya kutafuna iliyokauka sawasawa, ukiitikisa ndani ya kiganja karibu na sikio, hutoa mlio mdogo mkavu, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha akiogopa kuwaamsha wenyeji. Ikiwa bado ina unyevu haisemi kitu. Kwa mlio huo mzee wangu wa Kishanda alijua ipi iende kufungwa na ipi irudi mkekani, na mlio huo ndio uliokuja kichwani mwangu Jumatatu asubuhi simu ilipoita, nikiwa ndiyo kwanza napanga vifurushi vyangu mezani hapa Bukoba mjini. Alikuwa binti yake. Hakusalimu. Alisema, "Tata ameondoka," yaani baba, na nyuma yake nikasikia jogoo akiwika. Nikasema Innalillahi. Yeye, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza, akaitikia amina. Nikaifunika meza yangu kabla sijauza hata kifurushi kimoja.

Ninyi mnaonisoma mnajua kwamba shule yangu iliishia kidato cha nne, na kwamba riziki yangu ni kahawa hiyo, ile tuiitayo akamwani. Mnajua pia ndoto zangu, maana nimewachosha nazo: nyumba ya ghorofa inayotazama ziwa, na kamusi ya mambo yasiyo na jina. Msichojua ni kwamba biashara yangu yote ilitoka kwenye ua wa mzee huyo. Alichuma matunda ya kahawa kabla hayajaiva sana, akayachemsha na majani yenye harufu ambayo hakuwahi kunionyesha yote, akayaanika, akayapitisha kwenye moshi wa taratibu, kisha akayafunga kwa majani makavu ya mgomba. Mara ya kwanza nilipofika kwake kununua ilikuwa Ramadhani. Kwa desturi ya huku, mgeni haulizwi habari za safari kabla hajatafuna, kwa hiyo alininyooshea kikapu chake kidogo chenye mfuniko. Nikamwambia kwa heshima ya kikwetu, "Waitu, nimefunga." Alikifunika kikapu, akachana kipande cha jani la mgomba, akafungia humo punje chache. "Mgeni haondoki kwangu bila kahawa," akasema. "Hii itakungoja. Jua likizama utafune, ujue ndipo umefika kwangu." Nikamjibu kwamba jua likizama nitakuwa kwetu Kagondo. Akacheka hadi akashika ubavu. "Basi mimi ndiye nitakuwa nimekuja kwako."

Tangu siku hiyo nilikuwa mgeni wake wa kudumu. Alinitania kwamba watu wa mjini tunatafuna kahawa kama mbuzi, bila kuinyonya kwanza. Nami nikamtania kwamba watu wa kwao Muleba wananyonya hadi mgeni anasinzia. Lakini sikuwahi kuchukua punje mwenyewe kutoka kwenye kikapu kile. Kikapu kilikuwa na sheria yake, na ni vizuri niieleze hapa kwa ajili ya wasomaji wa mbali, maana habari yote ninayotaka kuwapa imekaa juu ya sheria hiyo. Mgeni hunyooshewa kikapu. Mtu wa nyumbani hanyooshewi. Mtu wa nyumbani ndiye anayetumwa kukileta.

Mzee alianza kusahau polepole, kama shamba linavyomezwa na magugu kuanzia pembeni. Alisahau siku za mnada. Akasahau kwamba mkewe alikwisha kufa, ikawa anauliza mbona anachelewa kisimani. Mwishowe zikapotea nyuso. Mikono tu ndiyo haikusahau: ukimpa kahawa, ataitikisa karibu na sikio, atasema "bado" au "tayari", na hatakosea. Binti yake, ambaye ni wa kwanza kuzaliwa, alifunga kibanda chake cha cherehani kule Rubafu akarudi kumtunza. Mimi humwita dada, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Alikataa nimwite mama. Alisema hawezi kuwa mama wa mtu anayempunja bei.

Asubuhi ya kwanza aliporudi, dada aliingia chumbani na uji. Mzee alijiinua kwenye mto, akamtazama kwa heshima, akasema, "Nyegera, waitu," yaani karibu, kisha akamnyooshea kikapu. Dada alidhani ni utani, akacheka. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Ikawa kila asubuhi. Anamwogesha, anamgeuza, anamfulia, na kila akitoka na kuingia tena, anakaribishwa. Majirani walimshauri mengi. Huyu alisema mtajie jina lako kwa sauti, yule akasema mwonyeshe picha. Alimwonyesha picha ya siku aliyopokea komunyo ya kwanza, amevaa gauni jeupe. Mzee akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama sana. "Mtoto mzuri," akasema. "Wa nani?"

Dada ni mtu wa maneno, hata uchungu huutia chumvi. Aliniambia siku moja tukichambua kahawa uani, "Tata ana adabu. Ananipokea kila asubuhi vizuri kuliko anavyopokewa askofu. Nimetafuna ugeni mpaka meno yanauma." Nikacheka, naye akacheka, halafu akaacha. Akashika punje moja akawa anaizungusha vidoleni. "Unajua sitaki hata aniite jina," akasema. "Jina watu wengi wanalo. Nataka anitume tu. Aseme, wewe, lete kahawa. Hata mara moja. Basi, nitakuwa nimerudi nyumbani." Nilimwambia Mungu mkubwa, kama tunavyosema sote tusipojua la kusema, tukaendelea kuchambua.

Sasa nije kwenye Jumamosi. Mzee alikuwa amelala tu kwa siku nyingi, hali, hasemi, hata kahawa mkononi haitikisi. Nilifika mchana kuchukua mzigo wangu, nikamkuta tabibu wa zahanati ya jirani, kijana mwenye ndevu changa, amekuja kumpima presha. Dada alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani ya mgomba ya kufunikia ndizi jikoni. Nikaingia kumsalimu mzee, kama nilivyosalimu siku zote bila kujibiwa, nikachuchumaa karibu na godoro. Akafumbua macho. Macho yale yalikuwa na mtu ndani yake, sijui niseme vipi. "Mtu wa Kagondo," akasema. "Mbona umekonda? Mjini ndizi zimekwisha?" Tabibu akaachia mpira wa kile kipimo chake. Mzee akamgeukia. "Na huyu ni wa nani?"

"Ni tabibu, mzee. Wa zahanati."

"Sawa. Zahanati haina wembe?"

Nilikimbia nyuma ya nyumba. "Dada, mzee anaongea. Anaongea sawasawa, anatutukana." Alitupa majani, akakimbia mbele yangu, lakini alipofika kwenye mlango wa chumba miguu yake ikasimama. Kutoka ndani mzee alikuwa anamuuliza tabibu kama ile mibuni ya upande wa kisima imepogolewa, na kama bati la juu ya jiko bado linavuja palepale. Alisema hata kwamba mkewe, Mungu amrehemu, alimwambia mapema bati lile ni jepesi. Alijua sasa kwamba mkewe amekufa. Dada alisikia yote hayo akiwa ameweka kiganja mdomoni. Halafu, badala ya kuingia, akageuka akaenda jikoni. Alimwita jirani amkamate kuku, yule mwekundu. Akaongeza kuni. Akashika kisu na ndizi, na huku anamenya, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akampigia mdogo wake aliyeko Mwanza. "Tata amepona," akasema. "Ndiyo, anaongea, anauliza mpaka bati. Usihangaike tena na safari ya leo. Malizia kazi yako, njoo Krismasi tule pamoja."

Tabibu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. "Mama," akasema taratibu, "mwambie aje leo."

"Aje leo kwa nini, na mtu amepona?"

"Sijasema hajapona. Nimesema aje leo."

"Mwanangu, usiniletee uchuro jikoni kwangu."

Kijana wa watu akapiga magoti kwenye majivu na suruali yake ya kazi. Akasema kwamba chuoni walifundishwa habari hii. Kwamba mgonjwa ambaye akili yake ilifunikwa kwa miaka anaweza kurudi, akawajua watu, akauliza mambo ya maana, kwa saa chache au siku nzima, na mara nyingi huwa ni karibu na mwisho. Kwamba si wagonjwa wote. Kwamba hakuna ajuaye sababu, hata wakubwa wao hawajui. "Lakini limeonekana mara nyingi, mama, hadi likapewa jina," akasema, akalitaja hilo jina kwa Kiingereza, terminal lucidity. Dada aliendelea kumenya. Tabibu akaongeza kitu ambacho mimi nitakibeba hadi uzee wangu. "Kama nimekosea, kuku atakuwepo kesho. Kama sijakosea, mzee ndiye hatakuwepo."

Kisu kikasimama. "Wewe unadhani naogopa afe," dada akasema. "Nimemwita padri akampaka mafuta ya wagonjwa, nimekwisha kujiandaa. Naogopa kuingia. Amemjua huyu muuza kahawa. Amejua mibuni, amejua bati. Nikiingia mimi akaninyooshea kikapu, nitaweka wapi uso wangu?" Basi mimi, ambaye nikiguswa moyo hutoa upuuzi, nikamwambia, "Dada, ingia na kisu hichohicho. Nani anamkaribisha mgeni aliyeshika kisu cha ndizi?" Alicheka huku machozi yanatoka. Akaniambia nina akili za kuku. Akainuka, akampigia tena mdogo wake, akasema neno moja, "Njoo," akaingia chumbani hivyohivyo, kanga imelowa utomvu, kisu mkononi. Sisi tukafuata nyuma.

Alisimama upande wa miguuni pa kitanda. Mzee alimtazama muda mrefu. Mkono wake ukaanza kupapasa blanketi, ukatafuta, ukakigusa kile kikapu, ukakishika, ukakiinua kumwelekea. Nilikuwa nyuma ya dada, nikayaona mabega yake yakishuka. Nilitamani nikinyakue kikapu nikitupe dirishani. Lakini mkono wa mzee haukuishia hapo. Ulikirudisha kikapu hadi karibu na sikio lake, ukakitikisa. Kimya. Akakitikisa tena.

"Kitupu hiki," akasema. "Nina wageni wawili wamekaa hapa na hawajatiwa kitu mdomoni, na wewe uko jikoni unakimbiza kuku. Nani alikufundisha hivyo? Mama yako hakukufundisha hivyo."

"Samahani, tata."

"Sikuombi samahani. Lete kahawa."

Dada alipiga magoti kukipokea kikapu, akabaki pale chini. Mzee akamtazama, akatutazama sisi kama anayetutaka radhi kwa malezi yake mabaya. "Na miguu nayo imekufa?" akauliza. Sijawahi kuona mtu aliyegombezwa akiwa na furaha namna ile. Alitoka, akarudi, akatukaribisha kwa mikono miwili: tabibu kwanza, kisha mimi. Mwishowe akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, mgongo ameuegemeza kitanda, na hapo hakuondoka tena hadi jioni. Mzee aliongea na mwanawe kwa simu, akamwambia alete bati zito. Yeye na dada wakazungumza habari za mama. Ndizi ziliungua upande mmoja, na kuku mwekundu yupo mpaka leo. Jumapili kijana wa Mwanza alifika akamkuta baba yake amelala, hasemi tena, lakini mkono una joto, akaushika usiku kucha. Alfajiri ya Jumatatu mzee akaondoka, na asubuhi ndiyo ile simu niliyowaambia.

Jina lile halikuniacha. Mnajua mimi na majina. Siku ya maziko, watu walipokuwa wanakula, nilimsogelea padri nikamuuliza asili ya maneno yale mawili, maana nilisikia kwamba madaktari huokota maneno yao kwenye Kilatini. Padri akanitazama ushungi wangu. "Binti wa Kiislamu unataka Kilatini?" Nikamwambia si changu, ni cha mzee. Basi akanieleza, na baadaye nikatafuta zaidi kwenye simu yangu, nikakuta mambo yanakubaliana. Neno la kwanza linatoka kwenye neno la Kilatini la mpaka, na hasa ile alama inayosimikwa kati ya shamba na shamba ili watu wasigombane. Warumi walisimika jiwe. Sisi tunapanda mlamula, ule mmea wa majani marefu ambao hata ukiukata unachipua tena. Neno la pili linatoka kwenye mwanga. Aliyeyaunganisha maneno hayo mawili kuwa jina la hali hii ni mtafiti Mjerumani, na ni juzijuzi tu, si zamani za mitume. Maana yake watu wamekufa namna hiyo tangu dunia iumbwe, ndugu zao wakaona, wakashangaa, wakasimulia, na tabibu hakuwa na neno moja la kumwambia mwenzake. Kwa Kiswahili sijalipata. Mama yangu kule Kagondo husema tu, "Alituaga." Kwa sababu naota kamusi, nimelitafsiri mwenyewe, na wenye elimu watanisahihisha: mwanga wa mpakani.

Padri aliniambia jambo jingine. Katika sala waliyoisoma kaburini, pale kati ya migomba, wanamwombea marehemu mwanga wa milele umwangazie. Zamani sala ile ilisomwa kwa Kilatini, na mzee alipokuwa kijana akitumikia misa aliijua kwa moyo. Mwanga katika sala ile na mwanga katika jina la madaktari ni mbegu moja. Nikafikiri: kumbe lile jina jipya la chuoni, nusu yake mzee aliitamka tangu utotoni, akiwaombea watu wengine.

Nimewaza sana faida ya jina. Jina halikumponya mzee. Halikumwongezea hata saa moja. Lakini kwa sababu jambo lilikuwa na jina, kijana yule aliweza kulisema jikoni kwa watu, na kwa sababu lilisemwa, mtu mmoja aliweka chini ndizi akaingia chumbani. Sisi watu wa huku furaha yetu huanzia jikoni. Mgonjwa akifumbua macho tunatawanyika: huyu kwa kuku, huyu kwa simu, huyu kwa jirani, na mwenye siku yake anabaki peke yake akitazama bati. Nyumba ngapi zimepitiwa na mwanga huo zikaupikia wali? Na sasa hata kikapu kinapotea. Nikifika kwa wenzangu mjini naletewa soda na biskuti, naambiwa jisikie nyumbani. Ni ukarimu, sikatai, nami nakunywa. Ila soda haitofautishi. Mgeni anapewa, mtoto wa nyumbani anapewa, kila mtu anajifungulia chupa yake. Kikapu kile kilijua wewe ni nani. Siku kilipokataa kunyooshwa, dada alijua amerudi.

Kama mna mzee ndani aliyekwisha kuwasahau, sina dawa ya kuwapa, mimi ni muuza kahawa. Nasema hili tu: siku akifumbua macho na kuuliza habari za shamba, keti chini. Kuku ana miguu, atakuwepo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na mimi nimeona mwenyeji aliyepona kwa alasiri moja, ikatosha.

Nilipotaka kuondoka siku ile ya maziko, niliingia chumbani kuaga. Hakukuwa na mtu, wenyeji wote walikuwa wamerudi migombani kaburini. Godoro lilikuwa limetolewa. Kikapu kilikuwa juu ya kigoda, mfuniko pembeni, na ndani yake hamna kitu. Nje majirani wa dada wa kule Rubafu walikuwa wanaanza kuingia uani, nikawasikia wakibisha hodi pasipo wa kuitikia. Nikakichukua kikapu nikaenda kwenye mkeka wa kahawa. Nilishika kahawa kiganja kimoja, nikaitikisa karibu na sikio, nikausikia ule mlio: tayari. Nikakijaza, nikakifunika, nikakirudisha kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa mkono wa mwenyeji. Sikutafuna hata punje.